Kuchora mgawanyo wa data za makundi pamoja na matokeo ya jaribio la kitakwimu: mwongozo kamili

Nguzo mbili za rangi, moja ndefu kuliko nyingine, na juu yake mstari wenye nyota tatu za kusema kwamba tofauti imethibitishwa kitakwimu. Grafu ya namna hii imejaa kwenye tasnifu, ripoti na mabango ya makongamano. Ukimuuliza mwenyewe nyota hizo zimetoka kwenye jaribio gani, mara nyingi anaomba muda akafungue kompyuta. Hata mimi niliwahi kuulizwa swali hilo mbele ya watu. Nilikuwa na makundi matano, programu ikaniwekea nyota, nami sikujua kama ilikuwa imesahihisha ulinganisho wote kumi uliokuwamo. Haikuwa imesahihisha. Niliporudia hesabu, nyota nne zilibaki moja.

Tangu hapo jaribio nalifanya kando kwanza, nalielewa, ndipo nalipeleka kwenye picha. Na picha lazima ionyeshe kitu kilekile ambacho jaribio limepima. Hapa chini nauonyesha utaratibu huo kwa R, programu ya takwimu, na kifurushi chake cha kuchora, ggplot2, kwa kutumia data zinazokuja na R yenyewe, ili namba utakazopata kwako zifanane na zangu. Ukitumia Python, mawazo hayabadiliki. Majina ya amri ndiyo yanayobadilika.

Hatua ya 1: Data ziwe za kwenda chini

Kila kipimo kiwe na safumlalo yake, na kundi lake litajwe kwenye safuwima ya pili. Watu wengi huingiza kila kundi kwenye safuwima yake kwa sababu ndivyo inavyosomeka vizuri kwenye lahajedwali, halafu wanashangaa programu ikikataa kuchora. Seti ya PlantGrowth tayari imepangwa inavyotakiwa: mimea 30 iliyopimwa uzito mkavu, 10 ya udhibiti na 10 kwa kila moja ya hali mbili za majaribio.

```
library(ggplot2)
mimea <- PlantGrowth
names(mimea) <- c("uzito", "kundi")
levels(mimea$kundi) <- c("Udhibiti", "Hali 1", "Hali 2")
```

Mpangilio wa makundi uamue wewe. Ukiiachia programu, itayapanga kwa alfabeti, na kundi la udhibiti linaweza kuangukia katikati ambako msomaji hataliona kama msingi wa kulinganishia.

Hatua ya 2: Je, vipimo vinajuana?

Swali hili linatangulia grafu, tena linatangulia hata kuangalia wastani. Kama mtu yuleyule, mmea uleule au mashine ileile imepimwa mara mbili, vipimo hivyo ni jozi, na jozi huchorwa kwa namna yake na kupimwa kwa jaribio lake.

Mfano mzuri ni data za usingizi alizozitumia William Gosset, aliyeandika kwa jina la Student, katika makala yake ya mwaka 1908 iliyozaa jaribio la t, lile linalolinganisha wastani wa makundi mawili. Wagonjwa 10, dawa mbili, na saa za usingizi zilizoongezeka kwa kila dawa. R inazo kwa jina la sleep.

```
d1 <- sleep$extra[sleep$group == 1]
d2 <- sleep$extra[sleep$group == 2]
t.test(d1, d2)
t.test(d1, d2, paired = TRUE)
```

Amri ya kwanza ya jaribio inayachukulia makundi kana kwamba ni watu 20 tofauti: wastani ni saa 0.75 kwa dawa ya kwanza na 2.33 kwa ya pili, p = 0.079 (p ikiwa ndogo, kwa desturi chini ya 0.05, tofauti huhesabiwa kuwa imeonekana; maana yake kamili iko Hatua ya 6). Amri ya mwisho inajua kwamba ni watu 10 waliopimwa mara mbili: tofauti ya wastani ni ileile, saa 1.58, lakini p inashuka hadi 0.0028. Namba ni zilezile, ila hitimisho limegeuka.

Sasa chora. Ukiweka visanduku viwili (boxplot, ambamo kisanduku hushika nusu ya katikati ya vipimo) kandokando, utaona vinaingiliana sana, na msomaji atashangaa p ndogo hivyo imetoka wapi. Unganisha kila mgonjwa na mstari wake:

```
ggplot(sleep, aes(group, extra, group = ID)) +
  geom_line(colour = "grey60") +
  geom_point(size = 2)
```

Mistari tisa inapanda, mmoja umelala (mgonjwa wa tano alipata -0.1 kwa dawa zote mbili), na hakuna hata mmoja unaoshuka. Hapo p ya 0.0028 inajieleza yenyewe, kwa kuwa jaribio la jozi linapima mteremko wa mistari hiyo na wala halijali kisanduku kimekaa wapi. Tangu nilipoanza kuchora mistari, sijawahi kuulizwa tena "mbona visanduku vinaingiliana?"

Ukiwa na vipimo zaidi ya viwili kwa mtu yuleyule, mantiki haibadiliki, ila majaribio ni mengine: ANOVA (jaribio la kulinganisha wastani wa makundi kadhaa kwa pamoja) ya vipimo vya kurudia, jaribio la Friedman, au modeli mseto. Sitaingia huko. Kuanzia hapa nachukulia kwamba makundi yako hayajuani, kama ilivyo kwa mimea yetu.

Hatua ya 3: Nukta kwanza

Kama una vipimo visivyozidi mia moja hivi kwa kila kundi, sioni sababu ya kuzificha nukta. Nguzo inayoonyesha wastani peke yake inaficha karibu kila kitu: kama data zimegawanyika makundi mawili, kama kuna thamani moja inayovuta wastani, kama vipimo ni vitatu au mia tatu. Tena nguzo inaanzia sifuri, mahali ambapo mara nyingi hakuna kipimo hata kimoja.

```
ggplot(mimea, aes(kundi, uzito)) +
  geom_boxplot(outlier.shape = NA, width = 0.5) +
  geom_point(position = position_jitter(width = 0.1,
             height = 0, seed = 7), size = 2, alpha = 0.7)
```

Kwenye msimbo huu mfupi kuna mambo matatu ambayo nimeona watu wakiyakosea mara kwa mara.

La kwanza ni `height = 0`. Kutikisa nukta kushoto na kulia ni sawa, maana upande huo hauna maana yoyote. Tunazitawanya tu zisilaliane. Lakini geom_jitter ukiiacha na mipangilio yake ya awali inatikisa na juu-chini pia. Mmea wa uzito 5.17 unachorwa mahali ambapo si 5.17. Mtikisiko huo ni mdogo, lakini ni data uliyoibadilisha bila kumwambia mtu.

La pili ni `seed`. Bila hiyo, nukta zinahama kila unapochora upya, na mwenzako anayesahihisha rasimu atadhani umebadilisha data.

La tatu ni `outlier.shape = NA`. Kisanduku kina desturi ya kuchora thamani zilizojitenga kama nukta. Ukiongeza nukta zako juu yake, thamani hizo zinaonekana mara mbili, na kundi la mimea 10 linakuwa na nukta 12. Hili hutokea kweli kwenye Hali 1: thamani 5.87 na 6.03 zote zinavuka sharubu la juu, ule mstari unaotoka kwenye kisanduku.

Hapo kwenye Hali 1 tukae kidogo, kwa sababu panafundisha kisanduku ni kitu gani. Uzito wake kwa mpangilio ni 3.59, 3.83, 4.17, 4.32, 4.41, 4.69, 4.81, 4.89, 5.87 na 6.03. Mediani, yaani thamani ya katikati, ni 4.55. ggplot2 inaweka robo ya kwanza kwenye 4.2075 na robo ya tatu kwenye 4.87, kwa hiyo urefu wa kisanduku ni 0.6625. Sharubu haliruhusiwi kuvuka mara moja na nusu ya urefu huo juu ya kisanduku, yaani 5.86. Thamani ya 5.87 imevuka mpaka kwa chini ya 0.01. Sasa chora data zilezile kwa amri ya kale ya R, boxplot(). Yenyewe inahesabu robo kwa njia ya John Tukey, aliyekibuni kisanduku hiki: robo zinakuwa 4.17 na 4.89, mpaka unapanda hadi 5.97, na 5.87 inarudi ndani ya sharubu. Thamani moja imejitenga kwenye programu hii na haijajitenga kwenye ile. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "nimefuta thamani zilizojitenga kwenye kisanduku", nauliza kwanza: kisanduku cha nani? Sharubu ni kifaa cha kukuonyesha pa kutazama. Halikupi ruhusa ya kufuta.

Grafu ya fidla, ile yenye umbo linalonenepa pale palipo na data nyingi, inapendeza na inafaa sana ukiwa na mamia ya vipimo. Kwa vipimo 10 unene huo karibu wote ni makisio ya programu. Zipo programu zinazorefusha fidla kupita data zenyewe; seaborn ya Python hufanya hivyo isipokuwa ukiikataza kwa `cut=0`. Nimewahi kuona fidla ya muda wa kusubiri iliyoshuka chini ya sifuri, kana kwamba kuna mtu aliyehudumiwa kabla hajafika.

Hatua ya 4: Chagua jaribio linalolingana na swali

Ukiwa na makundi mawili yasiyojuana, mimi huanza na jaribio la t la Welch, ambalo halidai makundi yawe na mtawanyiko sawa. Ndilo R inalofanya ukiandika t.test bila nyongeza. Kwa makundi matatu au zaidi kuna njia tatu za kawaida: ANOVA ya kawaida, ANOVA ya Welch, na jaribio la Kruskal na Wallis la mwaka 1952 linalotumia nafasi za vipimo vikipangwa kwa ukubwa badala ya vipimo vyenyewe.

```
modeli <- aov(uzito ~ kundi, data = mimea)
summary(modeli)
oneway.test(uzito ~ kundi, data = mimea)
kruskal.test(uzito ~ kundi, data = mimea)
```

Majibu yake kwa mpangilio huo ni p = 0.016, p = 0.017 na p = 0.018. Yanapokubaliana hivi, ugomvi wa nani bora unakuwa wa heshima tu. Yasipokubaliana, rudi kwenye nukta uone kuna nini. Usichague ile p iliyokufurahisha.

Kuhusu masharti ya ANOVA, kosa lililoenea ni kuzipima data zote kwa pamoja kama zinafuata umbo la kengele. Makundi yakitofautiana kweli, data zilizochanganywa haziwezi kuwa kengele moja, na hilo si tatizo. Kinachopimwa ni mabaki, yaani kipimo toa wastani wa kundi lake:

```
shapiro.test(residuals(modeli))
bartlett.test(uzito ~ kundi, data = mimea)
```

Shapiro, inayopima umbo la kengele, inatoa p = 0.44; Bartlett, inayopima usawa wa mtawanyiko, p = 0.24. Hakuna kinacholalamika. Hata hivyo usiyaabudu majaribio haya: ukiwa na vipimo vichache hayaoni kitu, na ukiwa na maelfu yanalalamikia kasoro isiyo na madhara. Angalia mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko, wa kila kundi kwa jicho lako: 0.58, 0.79 na 0.44. Hali 1 imetawanyika zaidi, lakini makundi yana idadi sawa, na idadi ikiwa sawa ANOVA ya kawaida huvumilia. Idadi zingekuwa 30, 10 na 6, ningekwenda kwa Welch bila kujiuliza mara mbili.

Lingine ni hili: majaribio haya hayapimi kitu kimoja. ANOVA inalinganisha wastani. Kruskal na Wallis wanalinganisha nafasi, na si sahihi kusema moja kwa moja kwamba wanalinganisha mediani. Makundi yenye mediani sawa lakini maumbo tofauti yanaweza kutoa p ndogo. Matokeo yake kwenye grafu ni kwamba ukiandika p ya ANOVA juu ya visanduku, weka na alama ya wastani, kwa kuwa mstari wa katikati ya kisanduku ni mediani. Msomaji asilazimike kukisia unachokilinganisha.

Data zenye mkia mrefu upande wa juu, kama muda au viwango vya kemikali, mara nyingi hutulia ukizichukulia logi. Ukifanya hivyo, fanya kote kuwili: jaribio kwenye logi, na mhimili wa grafu kwenye logi. Ukitumia scale_y_log10, kumbuka alama ya wastani itakayochorwa ni ya wastani wa kijiometri, kwa sababu ggplot2 inabadilisha data kabla ya kuhesabu. Ndiyo unayoitaka, ila iseme.

Hatua ya 5: Ni nani anatofautiana na nani

ANOVA imesema makundi yote matatu hayafanani. Haijasema ni yapi. Makundi matatu yana jozi tatu, matano yana jozi 10. Ukipima kila jozi kwa kiwango cha 0.05 bila kusahihisha, na jozi zingekuwa hazitegemeani, uwezekano wa kupata angalau "tofauti" moja ya uongo ni asilimia 14 kwa jozi tatu na asilimia 40 kwa jozi 10. Hapo ndipo nyota zangu zilipopotelea. Jaribio la Tukey linalinganisha jozi zote na kusahihisha:

```
TukeyHSD(modeli)
```

Jozi ya Hali 1 na Udhibiti: tofauti -0.371, p = 0.39. Hali 2 na Udhibiti: 0.494, p = 0.20. Hali 2 na Hali 1: 0.865, p = 0.012.

Soma tena. Tofauti iliyojitokeza ni kati ya hali mbili zenyewe, na hakuna hata moja iliyojitofautisha na udhibiti. Mtu mwenye haraka anaiona p ya ANOVA ya 0.016, anaona Hali 2 iko juu, anaandika "Hali 2 inaongeza uzito". Data hizi hazisemi hivyo. Hata bila kusahihisha chochote, jozi za udhibiti zina p ya 0.19 na 0.088, kwa hiyo hakuna usahihishaji unaoweza kuziokoa. Lakini pia hazisemi kwamba Hali 2 ni sawa na udhibiti. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya tofauti hiyo, yaani ukubwa wa tofauti unaoendana na data, yanatoka -0.20 hadi 1.19: inawezekana haina faida, inawezekana ina faida kubwa, na mimea 10 kwa kundi haitoshi kuamua.

Kama tangu mwanzo swali lako lilikuwa kulinganisha kila hali na udhibiti tu, tumia jaribio la Dunnett, lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Linasahihisha jozi mbili badala ya tatu. Baada ya ANOVA ya Welch, jaribio la jozi linaloendana nalo ni Games-Howell, na baada ya Kruskal na Wallis ni la Dunn. Ukiwa na orodha yoyote ya thamani za p unayotaka kuisahihisha mwenyewe, njia ya Holm ya mwaka 1979 haina sababu ya kuachwa: inalinda sawa na Bonferroni (njia ya kuzidisha kila p kwa idadi ya ulinganisho), na kamwe haiwi kali kuliko hiyo.

Hatua ya 6: Kubwa kiasi gani?

Thamani ya p ni uwezekano wa kupata tofauti kama uliyoiona au zaidi, endapo kwa kweli makundi hayatofautiani. Haikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Vipimo vikiwa vingi sana, tofauti isiyo na maana yoyote kwa mtu itapata nyota tatu.

Kwa hiyo toa na ukubwa. Kwa jozi moja mimi napendelea tofauti yenyewe katika kipimo chake cha asili, pamoja na masafa yake: Hali 2 inazidi Hali 1 kwa 0.865, kati ya 0.17 na 1.56. Kwa ANOVA nzima kuna eta mraba, yaani sehemu ya mtawanyiko wote inayoelezwa na makundi, ambayo hapa ni 0.26, na omega mraba (ω²), 0.20. Ya pili ni ndogo kwa sababu inapunguza upendeleo wa sampuli ndogo, na ndiyo ninayoiandika.

Ukiweka mistari ya makosa kwenye grafu, sema ni ya nini. Kwa kundi letu la Udhibiti, mkengeuko sanifu ni 0.58, kosa sanifu la wastani ni 0.18, na nusu ya masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.42. Ni mistari mitatu ya urefu tofauti kwa data zilezile. Asiyetaja kachagua nini, mara nyingi kachagua ule mfupi.

Hatua ya 7: Weka matokeo kwenye picha

```
ggplot(mimea, aes(kundi, uzito)) +
  geom_boxplot(outlier.shape = NA, width = 0.5,
               fill = "grey92") +
  geom_point(position = position_jitter(width = 0.1,
             height = 0, seed = 7), size = 2, alpha = 0.7) +
  stat_summary(fun = mean, geom = "point",
               shape = 18, size = 4, colour = "red3") +
  annotate("segment", x = 2, xend = 3,
           y = 6.6, yend = 6.6) +
  annotate("text", x = 2.5, y = 6.72, label = "p = 0.012") +
  coord_cartesian(ylim = c(3.4, 6.9)) +
  labs(x = NULL, y = "Uzito mkavu wa mmea",
       subtitle = "ANOVA: F(2, 27) = 4.85, p = 0.016, ω² = 0.20") +
  theme_classic()
```

Mstari wa jozi nimeuchora kwa mkono makusudi. Vipo vifurushi vinavyouweka vyenyewe, lakini vingine vinaupima upya kila jozi kwa jaribio la chaguo lao na kuandika p isiyosahihishwa. Ndivyo ilivyo kwa stat_compare_means ya ggpubr unapoipa orodha ya jozi. Namba inaonekana halali kabisa, ila haitoki kwenye jaribio ulilolieleza kwenye maandishi. Nikiandika kwa mkono, najua 0.012 imetoka kwa Tukey kwa sababu nimeinakili mimi.

Nimeweka mstari mmoja tu. Jozi mbili zilizobaki nitazitaja kwenye maelezo ya chini. Mistari ya "hakuna tofauti" ikirundikana juu inasukuma data chini, na nimeona grafu za makundi sita ambazo nusu ya picha ni mistari. Makundi yakiwa mengi hivyo, jozi zihamishie kwenye jedwali.

Andika p kwa namba badala ya nyota. Kati ya 0.049 na 0.011 kuna umbali, lakini zote zina nyota moja. Programu ikikupa 0.0000, andika p < 0.001, hakuna p ya sifuri.

Angalia `coord_cartesian`. Hapa pana mtego uliowahi kunigharimu nusu siku. Ukitaka kupunguza mhimili ukaandika ylim(4, 6), ggplot2 haivuti picha karibu. Inazitupa data zilizo nje ya mipaka, kisha inahesabu visanduku kwa zilizobaki. Kwa mimea yetu inatupa mimea sita. Mediani ya Hali 1 inapanda kutoka 4.55 hadi 4.69, ya Hali 2 inashuka kutoka 5.435 hadi 5.33, na p uliyoandika juu bado ni ya mimea 30. Onyo linatokea kwenye skrini kwa maandishi madogo mekundu, yale ambayo sote tumezoea kuyapuuza. coord_cartesian inavuta picha karibu bila kugusa data.

Rangi zikiwepo, ziwe na kazi. Majina ya makundi yapo tayari chini ya mhimili, kwa hiyo kuyapaka rangi tatu na kuongeza ufunguo pembeni ni kurudia jambo lililokwisha kusemwa.

Njia ya mkato, na kinachofanyika nyuma yake

Kifurushi cha ggstatsplot kinafanya karibu yote haya kwa amri moja:

```
library(ggstatsplot)
ggbetweenstats(mimea, kundi, uzito)
```

Unapata nukta, kisanduku, fidla, wastani, matokeo ya jaribio juu na ya jozi katikati. Ninakitumia kwa kuangalia data haraka. Lakini ukikiachia mipangilio yake, kinatumia ANOVA ya Welch, kwa hiyo kitakuandikia F(2, 17.13) = 5.18 na p = 0.017, na jozi zake ni za Games-Howell zilizosahihishwa kwa Holm. Mwenzako aliyefanya aov atakuja na 4.85 na 0.016, mtabishana, na wote mko sahihi. Ukitaka ANOVA ya kawaida weka `var.equal = TRUE`; ukitaka Kruskal na Wallis weka `type = "nonparametric"`. Mstari wa Bayes unaotokea chini uondoe kwa `bf.message = FALSE` kama huwezi kuueleza ukiulizwa.

Maelezo chini ya grafu

Sehemu hii hupewa dakika mbili za mwisho, na ndiyo inayoamua kama grafu inaweza kusimama bila wewe kuwepo. Yangu kwa picha hii yangekuwa hivi:

"Uzito mkavu wa mimea katika makundi matatu (n = 10 kwa kila kundi). Kila nukta ni mmea mmoja. Mstari ndani ya kisanduku ni mediani, kisanduku kinaanzia robo ya kwanza hadi ya tatu, masharubu yanafika kipimo cha mwisho kisichozidi mara 1.5 ya urefu wa kisanduku, na almasi nyekundu ni wastani. ANOVA ya njia moja, kisha ulinganisho wa jozi zote kwa Tukey. Hali 2 dhidi ya Hali 1: tofauti 0.865, masafa ya asilimia 95 ni 0.17 hadi 1.56, p = 0.012. Hali 1 dhidi ya Udhibiti, p = 0.39; Hali 2 dhidi ya Udhibiti, p = 0.20."

Kisha hifadhi kwa vipimo utakavyochapisha, usinyooshe picha baadaye kwenye hati, maana maandishi yatapinda pamoja nayo:

```
ggsave("mimea.pdf", width = 14, height = 11, units = "cm", device = cairo_pdf)
```

PDF haipotezi ukali hata ukiikuza. Nimetaja cairo_pdf kwa sababu ya ile herufi ω kwenye kichwa kidogo. PDF ya kawaida ya R huweza kushindwa kuichora na kuweka vitone. Wakikudai PNG, badilisha jina la faili, ondoa device na uweke `dpi = 300`. Hifadhi na msimbo wenyewe kwenye folda hiyohiyo, pamoja na matokeo kamili ya TukeyHSD. Atakayekuuliza nyota zako zimetoka wapi, umfungulie hiyo.